Kusoma Joto la Ardhi katika Maji ya Kisima: Somo la Sayansi kwa Shule za Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha Kigoma, Ujiji au katika vijiji vya ufukweni aghalabu huifikia mada ya vyanzo vya nishati akiwa na haraka ya kuimaliza. Jua, upepo, maporomoko ya maji na makaa ya mawe vimekwisha pita. Jotoardhi hubaki mwisho, nalo hupewa sentensi mbili ubaoni: kwamba ni joto litokalo chini ya ardhi, na kwamba hutumika kuzalisha umeme. Watoto hunakili, kengele inalia. Wiki inayofuata huzirudia sentensi zile zile bila kosa. Lakini ukiwauliza watu walijuaje kwamba chini ya mahali fulani pana joto, na juu yake hapana moshi wala mvuke, wanakutazama tu.

Swali hilo ndilo ninalotaka tulifanye kuwa somo. Watoto wa mwambao huu huteka maji kila siku, na kwa ulimi wao wanajua kwamba kisima hiki ni kitamu, kile kina chumvi, na yale ya ziwani yana ladha yake pekee. Wanayo tayari nusu ya elimu inayotakiwa. Kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha kwamba maji hubeba habari za mahali yalikopita, na kwamba habari hizo zaweza kusomwa kwa utaratibu.

Jambo hili halikosi uzito kwa Kigoma. Kwa miaka mingi mji huo ulipata umeme wake kutoka jenereta za dizeli, mafuta yakitoka mbali na gharama ikiwa kubwa. Mtoto aliyefanya kazi zake za shule kwa kibatari ana haki ya kujua nishati hutafutwaje. Tena visima vile vile tutakavyovitumia katika somo hili ndivyo vinavyonywewa nyumbani kwao. Nitaeleza mbele jinsi mambo haya mawili yanavyokutana.

MAARIFA YA MWALIMU

Mwalimu asiyelijua jambo zaidi ya kitabu cha mwanafunzi hulijibu swali la kwanza na kushindwa na la pili. Kwa hiyo tuanze na yale ambayo hutayasema yote darasani.

Kadiri mtu anavyochimba kwenda chini ndivyo joto linavyozidi. Mahali pa kawaida huongezeka kama nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi kwa kila kilomita. Penye volkano, au penye bonde la ufa ambapo gamba la dunia limevutwa likawa jembamba, huweza kuongezeka upesi zaidi. Maji ya mvua hupenya katika nyufa za miamba, hushuka, hupata joto, na kwa kuwa maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, hupanda tena. Yakifika juu yangali moto, kila mpita njia huyaona. Ndivyo ilivyo Songwe karibu na Mbeya. Ndivyo ilivyo Kibiro, ukingoni mwa Ziwa Albert katika Uganda. Huko Olkaria, Kenya, mvuke uliotafutwa kwa kuchimba ulianza kuendesha mtambo wa umeme mwaka 1981.

Shida ni pale maji ya moto yasipofika juu yangali moto. Njiani hukutana na maji baridi ya mvua, huchanganyika nayo, hupoa, na kisha huingia kisimani kama maji mengine yoyote. Visiwa vya volkano ni mfano mkubwa wa hali hiyo. Mvua ni nyingi, miamba ina matundu kama sifongo, na maji ya bahari hupenya kutoka pembeni. Joto lililo chini hufunikwa na maji haya kama makaa yaliyofunikwa kwa majivu mabichi. Wenzetu wa Ngazidja katika Komoro, wakaao chini ya mlima Karthala, wana volkano hai mgongoni mwao, na bado kutafuta mahali hasa pa kuchimba jotoardhi kumehitaji uchunguzi wa miaka. Kisima kimoja kirefu hugharimu mamilioni ya dola. Mtu hachimbi kwa kubahatisha.

Katika visiwa vya Hawaii wataalamu walifikiri hivi: visima vya kunywa na vya kumwagilia mashamba vipo tayari, vingi, vimetawanyika kisiwa kizima, kwa nini tusiyaulize maji yake? Mwaka 1979 Cox na Thomas walionyesha kwamba uwiano wa kloridi na magnesi katika maji ya visima vya kawaida waweza kutumika kama alama ya joto lililofichika. Wengine waliendelea na njia hiyo, na katika miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliirudia, pamoja na vipimo vingine, kwa visiwa vyote vikubwa, hata vile ambavyo volkano zake zilizimika zamani sana.

Alama ni tatu, na mwalimu azielewe vizuri.

Ya kwanza ni joto la maji yenyewe. Maji ya kisima kisicho kirefu sana hukaribiana na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima mahali hapo. Kisima kinachozidi majirani zake kwa nyuzi kadhaa, asubuhi na jioni, masika na kiangazi, kinataka kuulizwa sababu.

Ya pili ni silika. Mchanga mweupe wa ufukwe wetu kwa sehemu kubwa ni kwatzi, nayo kwatzi ni silika tupu. Katika maji baridi huyeyuka kidogo mno. Lakini maji yaliyokaa muda mrefu na kwatzi katika nyuzi 100 huchukua kama miligramu 48 za silika kwa lita. Katika nyuzi 150, kama 125. Katika nyuzi 200, kama 265. Jambo la ajabu, na lenye faida, ni kwamba maji yakipanda upesi na kupoa, silika haiachwi mara moja. Hubaki ndani. Kwa hiyo mtu aliye juu, mwenye maji baridi katika chupa, aweza kukadiria joto la kule chini. Fournier na Rowe waliieleza kanuni hiyo mwaka 1966, na tangu hapo imetumika dunia nzima.

Ya tatu ndiyo ile ya Cox na Thomas. Katika maji ya bahari kloridi huizidi magnesi kwa uzito kama mara 15. Mvua ya kisiwani hubeba chembe za chumvi ya bahari zenye uwiano huo huo. Kisha miamba ya volkano inapolika huongeza magnesi katika maji, na uwiano hushuka chini ya 15. Mwamba wa moto hufanya kinyume. Hapo magnesi hunyakuliwa na udongo mpya unaoundwa ndani ya nyufa, na kloridi, ambayo haina mahali pa kukaa katika madini hayo, hubaki majini. Basi kisima chenye uwiano unaopita 15 kinasema kwamba kuna kitu kimeiondoa magnesi, na joto ni mshukiwa wa kwanza.

Nasema mshukiwa. Udongo wa volkano huweza kutoa silika nyingi hata bila joto. Kloridi huweza kutoka mahali pengi. Alama moja peke yake ni uvumi. Mbili zikikubaliana ni habari. Tatu zikikubaliana, watu wa jotoardhi huleta vyombo vyao vya kupima miamba.

ZIWA LETU NA NG'AMBO YAKE

Mwalimu mwangalifu atauliza: Kigoma si kisiwa, wala haina volkano, haya yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu ya bonde la ufa. Ziwa Tanganyika limelala katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, nalo lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu kuliko pote, likiwa la pili duniani baada ya Baikal. Nyufa zilizolifanya shimo hilo ndizo njia ambazo maji huweza kushuka na kupanda. Na ng'ambo, chini ya milima ya Kongo ambayo siku ya anga safi twaiona kutoka Kigoma, jambo hilo limethibitika. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 wataalamu wa Kifaransa pamoja na wenzao wa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire walizamia katika sehemu ya kaskazini ya ziwa, wakakuta chemchemi za maji moto zikitoka sakafuni mwa ziwa lenyewe: mahali paitwapo Pemba, si kisiwa chetu cha Pemba, na penye Rasi ya Banza katika rasi kubwa ya Ubwari. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1993. Kule Banza walikuta vibomba vya chokaa vimesimama kama kichuguu chembamba, maji yakitoka ndani yake kwa joto la kufikia nyuzi 103. Kule Pemba walikuta madini ya chuma na salfa. Hayo yote yalikuwa katika kina ambacho mzamiaji mwenye mtungi wa hewa anakifikia, na mvuvi aliyepita juu yake kwa mtumbwi hakuwa na sababu ya kushuku kitu.

Hapa uwe tayari kwa swali. Mtoto aliyejifunza kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 atauliza yalifikaje 103 bila kuwa mvuke. Usimwambie asubiri sekondari. Kila mita kumi za kwenda chini ya maji huongeza mgandamizo kiasi cha karibu hewa yote iliyo juu yetu, na maji yaliyogandamizwa huchelewa kuchemka. Kwa upande mwingine, uso wa ziwa letu uko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria ya Ujiji huchemka kabla ya kufika 100 kamili, karibu nyuzi 97. Mpe kipimajoto ajionee. Ni furaha kubwa kwa mtoto kugundua kwamba namba ya kitabuni si amri.

Maji ya ziwa nayo yana historia. Yana chumvichumvi ya karibu nusu gramu kwa lita, na magnesi ndani yake huizidi kalisi, jambo lisilo la kawaida katika maziwa. Sehemu kubwa ya chumvi hizo huletwa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, ambalo hupokea maji ya nchi ya volkano za Virunga na ya chemchemi zilizo chini yake. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walisafiri hadi kaskazini mwa ziwa kuutazama mto huo, wakathibitisha kwamba unaingia ziwani na hautoki. Hawakujua kwamba kinachoingia pamoja na maji ni ladha ya volkano. Kwa somo letu, lakini, jambo hili ni tahadhari: kisima kilicho karibu mno na ufuko huweza kunywa maji ya ziwa yenye magnesi nyingi, na alama ya tatu ikafutika hata kama chini pana joto.

Na upande wetu? Tunayo Uvinza. Chemchemi zake za maji ya chumvi, karibu na Mto Malagarasi, zimetumiwa kwa zaidi ya miaka 1,400; Sutton na Roberts, waliofukua pale katika miaka ya 1960, walikuta mabaki ya watengeneza chumvi yanayofika karne ya 5 au ya 6. Watu walikuja kutoka mbali wakati wa kiangazi, wakachemsha maji hayo katika vyungu, na watawala wa Vinza wakachukua ushuru wao. Burton na Speke walipita huko mwaka 1858. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakajenga kiwanda. Kule Kibiro wanawake nao wametengeneza chumvi kwa vizazi vingi, katika bustani za udongo kando ya chemchemi yenye joto linalopita nyuzi 80, na wataalamu waliosoma maji hayo wamekadiria kwamba huko chini yanafikia nyuzi 200 au zaidi.

Ufuko mmoja wa chumvi, basi, una joto dhahiri. Je, chumvi ya Uvinza ni ushahidi kwamba napo pana joto? Hapana, si peke yake. Maji ya chumvi huweza kutoka katika masalia ya chumvi ya kale yaliyomo miambani bila moto wowote. Linganisho hili la Uvinza na Kibiro nalithamini kuliko mengine yote katika somo, kwa kuwa linamfundisha mtoto kusema “bado sijui” kwa sababu nzuri.

SOMO LENYEWE

Somo linafaa Darasa la Tano au la Sita, na linahitaji vipindi vinne hivi: viwili darasani, kimoja kisimani, kimoja cha hesabu. Ukiwa na watoto themanini darasani usijaribu kuwapa wote vikombe. Fanya mbele yao, ukiwaita wachache kwa zamu, na wengine waandike.

Anza na chai. Chukua bilauri mbili zinazofanana, tia katika kila moja kijiko kimoja cha majani ya chai yaliyopimwa sawasawa. Moja mimina maji ya mtungini, nyingine maji yanayotokota, kwa kiasi kile kile. Ngojeni dakika kumi, kisha chuja zote mbili na uziweke kando mpaka zipoe kabisa. Kipindi cha pili mtoto azishike kwa mikono: zote ni baridi. Sasa uliza: ipi ilikuwa ya moto? Watajibu kwa kelele. “Mmejuaje, nanyi mmeshika zote ni baridi?” Hapo darasa hunyamaza kidogo, halafu mmoja husema: “Rangi, Mwalimu.” Acha jibu hilo likae. Maji yamepoa lakini hayajasahau. Sasa tamka neno silika, usilitamke kabla ya hapo.

Kisha haribu ushindi wao. Chukua nusu ya ile chai nzito, uiongeze maji baridi mara tatu, uwaonyeshe watoto waliokuwa nje. Watasema haikuwa ya moto sana. Wamekosea, na si kwa uzembe. Maji ya mvua ndivyo yanavyowafanyia wataalamu. Ndipo pana haja ya uwiano. Weka katika beseni punje 150 za mahindi na punje 10 za maharage. Kila harage moja lina mahindi kumi na tano. Ongeza vibaba viwili vya mchele, ukoroge, ukiuita mchele huo mvua. Mahindi sasa yanaonekana machache, lakini gawanyeni beseni lote mafungu mawili, mhesabu kila fungu. Uwiano hubaki karibu na 15 kwa 1. Atakayechota kikombe kimoja kidogo huenda akapata mahindi tisa bila harage hata moja, akapiga kelele kwamba kanuni ni ya uongo. Mshukuru. Amewaonyesha kwamba kipimo kidogo hudanganya, jambo ambalo lingekuchukua kipindi kizima kulieleza.

Kuhusu kwenda kisimani, maneno machache ya tahadhari yatatosha. Watoto wasiinamie kinywa cha kisima. Maji avute mtu mzima. Wasionje maji ya kisima wasichokijua. Kipimajoto kiwe kile cha maabara chenye spiriti, kisiwe cha zebaki wala cha hospitali: cha zebaki kikivunjika kisimani umewatia watu sumu, na cha hospitali kinaanzia nyuzi 35, hakitakuambia kitu. Vuteni ndoo kadhaa na kuzimwaga kwanza, ili mpime maji yanayoingia kisimani, msipime yaliyolala humo usiku kucha. Kipimo kichukuliwe papo hapo ndani ya ndoo, kivulini. Kwa sampuli ya kubeba, chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale, ijazwe hadi kinywani, na ibandikwe karatasi yenye jina la kisima, tarehe na saa. Chupa isiyo na jina ni takataka.

Mkirudi shuleni, chemsheni nusu kikombe cha kila maji katika kifuniko safi cha sufuria mpaka yakauke. Maji ya mvua hayataacha karibu chochote; ya ziwani yataacha duara jeupe; ya kisima, itategemea. Jaribuni povu la sabuni pia. Maji yenye kalisi na magnesi nyingi hukataa povu. Lakini maji ya chumvi kali nayo hukataa, kwa hiyo jaribio la sabuni lisitumike peke yake. Vipimo vya kloridi, magnesi, silika na nitreti havifanyiki kwa sufuria. Visima virefu vilivyochimbwa na serikali au mashirika aghalabu hupimwa maji yake kabla ya kukabidhiwa kwa kijiji, na mwalimu mwenye adabu na subira huweza kuomba nakala ya majibu katika ofisi ya maji ya wilaya.

KOSA NILILOLIFANYA

Nilipofundisha somo hili kwa mara ya kwanza, katika mtaa mmoja wa Ujiji, nilikuwa nimelewa elimu mpya. Tulikuta kisima chenye chumvi kuliko vingine vyote vya jirani, nami mbele ya watoto nikatangaza kwamba huenda tumesimama juu ya joto. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake aliitikia shikamoo yangu, akanyamaza mpaka nilipomaliza, kisha akasema: “Mwalimu, mwanangu, kisima hiki tulipokuwa wasichana kilikuwa kitamu. Kimeanza chumvi tangu nyumba zilipoongezeka huku juu, na kila nyumba ina choo chake.”

Nilikuwa nimewafundisha watoto kukisifu kisima ambacho nilipaswa kuwaonya nacho. Mkojo wa binadamu una kloridi nyingi, na choo cha shimo kikiwa juu ya kisima, katika ardhi ya mchanga, kloridi husafiri. Na pamoja nayo husafiri nitreti, na vimelea vya magonjwa. Mwambao huu unakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kiliwapiga wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, na miaka mingine kimewapiga wenyeji. Tangu siku ile sifundishi uwiano wa kloridi na magnesi pasipo kufundisha nitreti katika kipindi kile kile. Kloridi nyingi pamoja na nitreti nyingi ni habari ya choo mpaka ithibitike vinginevyo. Kloridi nyingi, nitreti kidogo, magnesi kidogo, silika nyingi: hapo ndipo pa kuwaza joto.

Nalipata pia funzo la pili ambalo halimo katika vitabu vya kemia. Bibi yule alikuwa na kipimo ambacho sikuwa nacho, cha miaka hamsini. Sasa kabla ya kwenda kisimani nawatuma watoto kuwauliza wazee wa nyumbani: kisima kilichimbwa lini, maji yamebadilika ladha, yalibadilika lini, yanafuka mvuke asubuhi ya baridi? Majibu yao yanaingia katika daftari pamoja na nyuzi na miligramu.

ZOEZI LA HESABU

Namba zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya kugawanya. Si vipimo vya visima vyovyote vilivyopo, na mwambie mwanafunzi hivyo.

Kisima A kina miligramu 60 za kloridi kwa lita, 12 za magnesi, 25 za silika na 5 za nitreti. Kisima B kina kloridi 90, magnesi 3, silika 110 na nitreti 4. Kisima C kina kloridi 180, magnesi 9, silika 25 na nitreti 95.

Mwanafunzi agawanye kloridi kwa magnesi: A ni 5, B ni 30, C ni 20. Wengi watakichagua C kwa sababu kina kloridi nyingi kuliko vyote, na uwiano wake umepita 15. Usiwasahihishe, waulize C kinasema nini katika safu ya mwisho. Wenyewe watalikumbuka choo. Kisha waulize juu ya silika ya B, wailinganishe na zile namba za 48 na 125, wakadirie joto. Mtoto atakayesema “kati ya nyuzi 100 na 150, karibu zaidi na 150” amefanya kazi ile ile ifanywayo na wataalamu wa Songwe na Kibiro. Atakayeongeza kwamba huenda ni zaidi ya hapo, kwa sababu maji yamechanganyika na ya mvua kama ile chai, mpe nafasi awaeleze wenzake ubaoni, na wewe ukae nyuma ya darasa.

Mwisho kuna suala la kumbukumbu. Daftari la visima lisiwe la mwalimu, kwa kuwa mwalimu huhamishwa. Liwe la darasa, likabidhiwe kwa darasa linalofuata kila mwaka, lenye ramani ya mtaa iliyochorwa kwa mkono: visima kwa duara, vyoo kwa msalaba, ufuko kwa mstari wa buluu. Kila kisima kipimwe joto mara mbili kwa mwaka, mvua zikiwa zimekolea na mwisho wa kiangazi, saa ile ile ya asubuhi. Katika ukurasa wa kila kisima iachwe nafasi ya majibu ya maabara, hata kama itakaa tupu kwa miaka kadhaa, na chini yake nafasi ya maneno ya wazee, yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na jina la mtoto aliyeyaleta.